Ukuta wa Mwinyi Makame

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje. Kale ile ya kale, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji ukiitwa Shungi. Vichochoro vyake vyote vilikutana. Ukiingia huku, unatokea kule. Ukipotea, unatokea kwa shangazi yako.

Humo aliishi Bi Sikudhani, mkunga. Akiitwa, anakata kichochoro, anakata kingine, kafika.

Ndipo Mwinyi Makame akatajirika. Na tajiri, wanangu, masikio yake huwa laini, hayawezi viatu vya wapita njia. Akaziba kichochoro chake kwa ukuta. "Sasa tumestaarabika!" Jirani akaona wivu, naye akaziba. Wa tatu akaziba. Waliokosa nafasi wakajenga mbali mashambani, nao wakaziba. Mji ukatanuka, ukatanuka, na kila njia ikaishia ukutani. Maendeleo hayo! Kuomba chumvi kwa jirani ikawa safari ya kufunga mzigo.

Siku moja, jua la utosi, Mwanakheri, mke wa Makame, akashikwa na uchungu. Bi Sikudhani alikaa nyuma ya ukuta ule ule. Kila kilio alikisikia.

"Bi Sikudhani! Njoo!" Makame akaita toka ng'ambo.

"Nipite wapi, Mwinyi?"

"Zunguka!"

"Nitafika alasiri. Mtoto atanisubiri?"

Mwanakheri akapiga ukelele, kisha kimya.  Bi Sikudhani ndiye aliyemkata kitovu Mwanakheri huyo siku alipozaliwa.

"Makame!" Safari hii bila umwinyi. "Chukua sururu. Bomoa."

"Ukuta wangu? Uliosifiwa na mji mzima?"

"Basi mwambie ukuta amzalishe mkeo."

Makame akabomoa, kwa mikono yake laini, huku akilia, mawe yakimponda vidole. Bi Sikudhani akapenya tunduni, kajaa vumbi kama aliyefukuliwa. Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingo. Akamfungua, akampuliza, akamsugua mgongo. Akampuliza tena. Mtoto akalia, na mama yake akalia.

Makame alishukuru, tena sana! Tundu akalitia mlango wa nakshi, na kufuli. Ufunguo akampa Bi Sikudhani peke yake. Wengine? Wazunguke, miguu si wanayo?

Bi Sikudhani akaupokea kwa mikono miwili, akaufungua mlango wazi kabisa, akaenda kuutumbukiza ufunguo chooni.

Basi, wanangu, ukiziba njia ya wenzako, ujue hata wa kukuokoa wewe umemzibia.

Kisa kimekwisha, koo limekauka. Mwenye adabu aniletee maji.