Digidigi na Watu Wanaompa Mgeni Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmeshiba viazi, sasa kujibu mnaona kazi? Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta, hadithi ni yenu pia. Paukwa!

Pakawaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na mlima wa mawe na mbuga ya majani. Katikati ulipita mto. Mto wenyewe si mkubwa, hata mbuzi angeuvuka bila kulowa tumbo. Lakini wanyama wa mlimani hawakuuvuka. Ng'o!

Kisa kilikuwa Nyani. Nyani aliwahi kwenda ng'ambo. Alikwenda asubuhi, na jua halijafika utosini amesharudi, anahema, hehe! hehe! Akapanda juu ya jiwe akatangaza.

"Jamani, wale nyumbu hawana adabu! Nimefika tu, wamenipa mgongo. Kundi zima! Nimetukanwa mchana kweupe!"

Sasa, mlimani desturi ilikuwa hivi. Mgeni akifika, wenyeji wanamtazama usoni, macho hayabanduki, mpaka aketi. Hiyo ndiyo heshima yao. Kumpa mgongo ni tusi, tena tusi zito. Basi wakachemka wote. Mzee Ngiri, mkuu wa mlima, akakwangua jiwe kwa pembe zake, kwaru! kwaru!

"Kuanzia leo," akasema, "atakayevuka mto asirudi. Akirudi, atapokelewa kwa mawe."

Wote wakaitikia ndiyo. Digidigi hakuitikia.

Digidigi mnamjua? Kale kaswala kadogo, miguu kama vijiti, macho makubwa. Alizaliwa mlimani, na mama yake alizaliwa mlimani. Aliupenda mlima wake kuliko chochote. Lakini maneno ya Nyani yalimkera.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba."

"Nyani aliwauliza kwa nini wamempa mgongo?"

"Tusi haliulizwi, binti!"

"Basi mimi nitakwenda kuliuliza."

Shoga yake Kanga akamvuta pembeni, mbio mbio. "We Digidigi, umerukwa na akili? Huna kwenu kwingine. Wakikufukuza hapa utakwenda wapi?"

"Sijui."

"Na bado unakwenda?"

"Nakwenda."

Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Lakini alikwenda. Ti-ti-ti-ti! Huku anaimba. Nisaidieni basi:

Nimesikia, sijaona,
Nakwenda nikaone!
Nimesikia, sijaona,
Nakwenda nikaone!

Akavuka mto, chubwi! chubwi! Akaingia mbugani. Majani yakamfika masikioni. Mbele akawaona nyumbu wanakula. Akasimama kwa mbali, akabisha.

"Hodi, wenyewe!"

Nyumbu wakainua vichwa. Wakamwona. Kisha, gurubu! Wakageuka wote. Migongo mitupu, na mikia inapepea mbele ya pua yake.

Digidigi aliumia. Machozi yakamlengalenga. Kumbe Nyani alisema kweli! Akageuka arudi kwao. Akapiga hatua, akasimama. Hapana, akajiambia. Nimetoka kwetu nije kuuliza, na bado sijauliza.

"Samahanini," akasema. "Nimewakosea nini?"

Mama mmoja wa kinyumbu, jina lake Nyamizi, akageuza kichwa. "Kutukosea? Mbona tumekukaribisha vizuri?"

"Mmenipa mgongo!"

"Ndiyo, mwanangu. Simba tunamkazia macho. Fisi tunamkazia macho. Wewe tukukazie macho una nini? Tunayempa mgongo ni yule tusiyemwogopa."

Digidigi akasogea karibu. "Kwetu," akasema polepole, "mgeni tunamtazama usoni mpaka aketi."

"Maskini!" Nyamizi akashtuka. "Basi yule Nyani wenu, alivyotukodolea macho, tulijua anatafuta pa kuuma!"

Wakacheka, wakacheka mpaka wakakaa chini. Digidigi naye akakaa. Hakuharakisha. Alikula majani yao, mengine akayapenda, mengine akayatema kwa kujificha. Alijifunza kutembea na kundi bila kukanyagwa. Akauliza, akaulizwa. Hata siku ya kurudi ikafika.

"Nitakusindikiza," akasema Nyamizi. "Mimi nami kwenu sijapaona."

"Mama, huko kuna mawe."

"Ya kukalia?"

"Ya kurushiwa."

"Mh!" Nyamizi akafikiri kidogo. "Twende."

Wakavuka. Wakapanda mlima. Ti-ti-ti-ti, na nyuma yake gudu, gudu, gudu. Juu wamejipanga wote, Nyani na jiwe lake, Mzee Ngiri na jiwe lake, na Kanga yupo, anatetemeka na vifaranga wake.

Nyamizi akasimama mbele yao. Akawatazama usoni. Mmoja mmoja, bila kupepesa. Kwao hivyo hutazamwa simba na fisi tu. Lakini aliwatazama, kwa sababu ndiyo heshima ya wenyeji wake.

Wanyama wakatazamana. Mbona huyu ana adabu?

"Msidanganyike!" akanguruma Ngiri. "Amri ni amri. Digidigi, umevuka. Ondoka!"

"Siondoki."

"Utapigwa mawe!"

Digidigi akasogea mbele. Akageuka taratibu, akawapa mgongo. Mgongo mdogo, wa kuvunjika kwa jiwe moja.

"Ng'ambo," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mgongo anapewa mtu asiyeogopwa. Nyie ni watu wangu. Siwaogopi. Na kesho nitavuka tena, na nitarudi tena, kwa sababu hapa ni kwetu. Haya, pigeni."

Hakuna aliyerusha.

Kisha, kuru-kuru-kuru! Kanga akatoka mstarini, vifaranga nyuma. Anatetemeka kila unyoya, lakini akasimama ubavuni pa shoga yake. Akageuka. Akaja Pimbi, akageuka. Akaja Nungunungu, akageuka na miiba yake yote. Hata Nyani, jiwe likamponyoka, ta! Akaja kichwa chini, akageuka.

Mzee Ngiri akabaki peke yake, jiwe mkononi. Amrushie nani? Migongo yote ile ilikuwa ya watu wake.

Mmesikia? Msimhukumu mtu kwa maneno ya aliyepita kwake mbio mbio. Nenda mwenyewe, keti, uliza, na wewe ukubali kuulizwa. Na anayekukataza kwenda kuona, muulize anaogopa nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda ampelekee jirani. Asiyeipenda avuke akajionee.