Mzee Kifaru na Lango la Mtaro

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Ije ipitie wapi, na mlangoni kumejaa maji? Tangu yule bwana ajenge ukuta wake kule chini, mvua haina pa kwenda. Haya, hadithi njoo, panda kitandani na wenzako, usinilowanishie shuka. Nimechota maji tangu alfajiri, mgongo umekufa. Atakayeniuliza swali la kijinga namshusha chini.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji, na mji ule ulikuwa na mvua mbili kama wetu. Vuli, ya mwisho wa mwaka, haba, ya kubembelezwa: ndo, ndo, ndo. Masika, kuanzia mwezi wa tatu, hayaombwi wala hayafukuziki: pooo! pooo! Mtaro ulikuwa mmoja. Ulipita bondeni, ukaishia kwa Mzee Kifaru, mwenye bwawa, mwenye nyumba ya vyumba tisa, mwenye pembe. Kwenye ukuta wake mtaro alikuwa ameuwekea lango la mbao.

Vuli ikinyesha, ndo, ndo, ndo, Kifaru anafungua lango. "Yangu yote! Atakayechota mtaroni atanitambua!" Bondeni hawana hata maji ya uji.

Masika yakinyesha, pooo, Kifaru anafunga lango, kwi! Maji yanageuka, yanaingia bondeni, vyumbani mwa watu.

Bondeni hapo aliishi Bi Buku, panya mjane. Masika ya mwaka uliopita yalimchukulia watoto wawili. Wakabaki sita. Kila mwaka anainua kitanda kwa matofali, kila mwaka maji yanapanda. Alikuwa amechoka, jamani. Amechoka mpaka kulia hawezi.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, akajikongoja mpaka kwa Kifaru.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kuomba maji. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Vuli ni yako, tumezoea. Lakini masika unatuachia. Unafunga lango, maji yote yanabaki kwetu. Tumekaa kikao tukasema, huyu mzee ana moyo. Mwaka huu tumechimba bwawa letu. Tunaomba ulifunge lango mapema, ulikaze, lisivuje hata tone."

Kifaru akasimama. Macho yake hayaoni mbali, lakini tamaa yake inaona.

"Bwawa? Nyinyi?"

"Kubwa kuliko lako, mzee. Kama ndo ndo ndo imejaza la kwako, hebu fikiria pooo."

"Masika ni yangu!"

"Mzee, usitufanyie hivyo."

"Yangu! Vuli yangu, masika yangu, manyunyu yangu!"

"Basi lango tutakuja kulifunga wenyewe."

Hapo ndipo alipowaka. Akalikita pembe lango, kwaa! Akaling'oa, kwaa! Akalikanyaga likawa vipande.

"Mfunge sasa nione!"

Bi Buku akainamisha kichwa. "Haya, mzee, umetushinda. Naomba basi kuni." Akabeba kipande kimoja, akaenda kupikia uji.

Masika yakaja. Siku ya kwanza, pooo! Kifaru amekaa barazani anacheka. "Yaje!" Siku ya pili, pooo! Bwawa limejaa. "Yaje!" Siku ya tatu wana bondeni wakachukua majembe wakatapisha vyoo. Msijifanye hamjui: unatoboa shimo la choo, mvua inabeba, unaingia ndani unakaa kimya. Miaka yote uchafu ule uligonga lango ukawarudia wenyewe, na kila mwaka walisema hawatarudia, na kila mwaka walirudia. Mwaka huo uchafu ulikwenda moja kwa moja kwa Kifaru.

Chumba cha kwanza. Cha pili. Mpaka cha tisa.

"Bukuuu! Njooni mchukue maji yenu!"

"Yetu tena, mzee? Sisi tuna ubavu gani wa kugusa mali yako?"

Chururu si ndo ndo ndo, walisema wahenga, ila Kifaru alikuwa hasikilizi mtu. Akapanda juu ya bati, bati halikumhimili, akaanguka humo humo, chubwi! Akatoka mbio mpaka kwa shemeji yake porini, hata kandambili hakuchukua.

Bi Buku akawahesabu wanawe. Sita. Wakavu wote, wamekaa sakafuni wanagombea sufuria. Hapo ndipo akalia. Aliwalilia wale wawili, maana mwaka mzima hakupata nafasi ya kuwalilia.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa nzuri ibebeni, ikiwa mbaya maji yaibebe.

Na funzo, kwa kuwa jirani yangu Mama Tausi ananitazama anataka watoto wapate funzo: waheshimuni wenye nguvu, msiseme uongo, na cha mtu msikiguse. Mmesikia? Vizuri. Sasa Mama Tausi, uko karibu na mlango, hebu chungulia. Maji yamefika tofali la ngapi la kitanda?

"La tatu, shoga yangu."

Basi limebaki moja. Nishike mkono nishuke, unipe na jembe langu hapo nyuma ya mlango. Naenda kumsalimia mwenye ukuta.