Kideri na Kamati ya Utepe

Kamati Ndogo ya Kuteua Rangi ya Utepe wa Uzinduzi wa Chanjo ya Kuku, Kata ya Ibambala, ilikutana mara tatu. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana mfano huu ni wa watu wazima.

Mwanamke mmoja alikuwa na kuku ishirini na watatu. Aliitwa Nyamizi, mjane, na mjukuu wake Kabula alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Nyamizi alikwisha kuwapangia kuku wake kazi. Hawa sita ni godoro, hawa wanne ni sanduku la chuma, na yule jogoo mwekundu ni viatu. Kila asubuhi akiwamwagia mtama aliwaita kwa vyeo vyao. "We Godoro, acha kumnyang'anya Sanduku! Viatu, njoo ule, mbona unaringa?"

Miaka ile kideri kilikuwa kinazunguka kata za jirani. Ugonjwa huu hauna mbwembwe: asubuhi kuku anasinzia, mchana shingo inapinda, jioni anafukiwa. Ng'ambo ya mto aliishi tajiri mwenye chanjo yake. Watu wa Ibambala walimwendea na kikapu cha karanga, wakamwomba. Akawajibu kwa upole kwamba atawagawia akishamaliza kuku wake, na vifaranga wake, na mayai ambayo bado hayajaatamiwa. Karanga alizipokea.

Basi daktari wa mifugo wa kata, Bi Kasanda, mtu wa maneno machache, akaamua kutengeneza chanjo mwenyewe. Miaka miwili alijifungia katika chumba kimoja nyuma ya zahanati. Kuku wa majaribio ya kwanza walikufa wote. Wa pili walipofuka, na watu wakamwita Mama Mchinjaji. Wa tatu wakaishi. Tone moja jichoni, wiki mbili za kungoja, na kideri hakimwezi tena kuku huyo. Chupa zikapangwa kwenye jokofu, na ufunguo akautundika shingoni.

Hapo uongozi wa kata ukaona fahari, na fahari haitembei bila itifaki. Ikaamuliwa kwamba tone la kwanza lidondoshwe na mgeni rasmi. Mgeni rasmi haji pasipo utepe, utepe haununuliwi bila kujua rangi, na rangi ni jambo la kamati. Kikao cha kwanza kiliafiki kwamba rangi ni muhimu. Cha pili hakikutimiza akidi, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa wamekwenda kuzika. Katika cha tatu kijani ilipata kura nne na bluu nne, na mwenyekiti, Bwana Malale, akaomba apewe muda wa kutafakari.

Wakati anatafakari, Nyamizi aliingia amebeba kuku kifuani. Shingo ya kuku ilikuwa imepinda.

"Mama, tuko kwenye kikao," Bwana Malale alisema. "Vuta subira kidogo. Mgeni rasmi hajathibitisha."

Nyamizi akamlaza kuku juu ya meza, juu ya makaratasi yao.

"Mwenyekiti, kideri hakikungoja kadi ya mwaliko. Kimekuja, na kimekaa viti vya mbele."

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Bi Kasanda alikuwamo kama mshauri wa kitaalamu, na Nyamizi alimtazama yeye, si mwenyekiti. Daktari akautoa ufunguo nje ya gauni, akaushika kwa muda, akaurudisha. Alikuwa mtumishi mwadilifu, hajawahi kuvunja utaratibu hata siku moja. Muhtasari wa kikao unasema: "Mama mmoja mwananchi alitoa salamu."

Utepe ulikatwa Jumatano ya wiki iliyofuata, saa saba badala ya saa tatu. Ulikuwa mweupe, kwa kuwa dukani hapakuwa na mwingine. Kwa kuwa Ibambala hapakuwa na kuku wa kuchanjwa, aliazimwa mmoja kwa yule tajiri, kuku aliyekwisha kuchanjwa zamani, naye alivumilia tone la pili kwa adabu. Mgeni rasmi alisifu uwezo wa wataalamu wetu wa ndani. Watu walipiga makofi, kwa kuwa alisema kweli. Nyamizi alihudhuria na kupewa fulana yenye picha ya jogoo. Mabanda yake yalikuwa yamefagiliwa na kumwagiwa majivu, na Kabula, ambaye wenzake walikwisha kuripoti shuleni, alikuwa amekaa kando yake, akimshikia mwavuli.

Mkiulizwa nani aliyewaua kuku wale, msiharakishe kumtaja Bwana Malale. Wala msiseme ni kideri tu. Mimi sitaji mtu, nasema lililotokea: chanjo ilikuwa kwenye jokofu, imekamilika, siku ishirini na sita kabla ya kuku wa kwanza wa Ibambala kufa.