Kiboko, Nguchiro na Mpira Uliokufa

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yafungueni. Niliyoyasikia nitawapa, nisiyoyasikia nitayatunga hapahapa.

Hapo kale mvua iligoma. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye bwawa moja, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko. Alikaa asubuhi, alikaa mchana, jioni akatoka kula majani, akarudi kukaa. Mnyama mdogo akija na ulimi nje, Kiboko anapanua kinywa: aaaaah! Mdogo anarudi alikotoka.

Wa kwanza kufa alikuwa Digidigi. Alikufa kwa kiu huku anayaona maji.

Wanyama wadogo wakaja kulia ukingoni. Kiboko akacheka, hho! hho! hho!

"Mimi si katili," akasema. "Maji nitawapa, lakini kwa mchezo. Mchuneni Digidigi ngozi, ijazeni nyasi, shoneni mpira. Mpira unapigwa teke, mnaudaka, mnakimbia nao. Mkiufikisha majini, mnakunywa mpaka mshibe. Msipoufikisha, nendeni zenu."

"Na refa atakuwa nani, mzee?" aliuliza Nguchiro. Huyu Nguchiro alikuwa mdogo kama paka, ana mkia mrefu na macho yasiyotulia.

"Kongoti."

Wote wakarudi nyuma hatua moja. Kongoti ni yule ndege mrefu mwenye kipara, anayekula mizoga. Alikuwa amesimama kando kwa mguu mmoja, ananenepa. Mwaka ule, katika nchi nzima, ni yeye na Kiboko tu walionenepa.

Kiboko akaburuta mguu, akachora mistari miwili, kutoka vichakani mpaka bwawani. Mchezo uwe katikati ya mistari.

Siku ya kwanza Kiboko alipiga teke, buu! Sungura akadaka. Akakimbia, akakimbia, akayakaribia maji, akajikwaa, goti likagusa chini. Akainuka upesi.

"Simama!" akanguruma Kiboko. "Goti limegusa chini. Mpira umekufa!"

"Sheria hiyo hukutuambia, mzee," akasema Sungura.

"Nakwambia sasa. Refa!"

Kongoti akagonga mdomo wake, kata-kata-kata! "Mpira umekufa!"

Wakaenda zao bila kunywa. Mtoto mmoja wa Sungura hakuamka tena.

Siku ya pili Kiboko akasema, "Leo pigeni nyinyi." Kanga akapiga, pii! Mpira ukabingirika, ukavuka mstari.

"Teke limetoka nje!" akanguruma Kiboko. "Teke likitoka nje, kosa ni la mpigaji. Aliyepigiwa anapewa mpira, anauweka anapotaka." Akauchukua, akauweka chini ya tumbo lake, akalala juu yake.

Kata-kata-kata! "Mpira umekufa!"

Wakaenda zao bila kunywa.

Siku ya tatu alicheza Pimbi. Pimbi alikuwa jirani yake Nguchiro. Waliishi kwenye mwamba mmoja, mlango kwa mlango. Siku hiyo midomo yake ilikuwa imepasuka na hakuweza kusema vizuri. Teke likapigwa, buu! Pimbi akadaka, akakimbia ukingoni kabisa mwa mstari, mpira ameukumbatia kifuani. Kiboko akamjia mbio, gidi-gidi-gidi! Akamwangukia.

Alipoinuka, Pimbi hakuinuka.

"Amefika!" Nguchiro alipiga kelele. "Tazameni! Mkono wake umegusa maji!"

Kweli, ulikuwa umegusa. Kiboko akatazama chini, akatazama huku, akatazama kule.

"Kisigino chake kiko nje ya mstari," akasema. "Mwenye kisigino nje, yuko nje mzima. Na mpira ukiguswa na aliye nje, mpira uko nje."

"Lakini mpira uko ndani, mzee! Uko kifuani kwake!"

"Refa!"

Kata-kata-kata! "Mpira umekufa!" akasema Kongoti, huku jicho lake liko kwa Pimbi.

Nguchiro hakulia. Hakuwa na maji ya kulia. Alikaa juu ya mwamba anatazama chini, akamwona Kongoti akila, akatazama mpaka mwisho. Kisha akashuka.

"Umeshiba, bwana refa?" akamuuliza.

"Hapana," akasema Kongoti. "Pimbi ni mifupa tu."

"Pole. Kuna wengine wana nyama, lakini hawatoki majini jua likiwa kali."

Kongoti akageuza kichwa polepole, akamtazama. Akameza mate.

Nguchiro akamwendea Kiboko. "Mzee, tumechoka. Tucheze mara moja tu, ya mwisho. Tukishindwa tunahama, na majani yote ya bonde yanakuwa yako. Ila tucheze jua likiwa utosini, maana asubuhi tunazika."

Kiboko hapendi jua. Jua likimpiga, ngozi yake inapasuka. Lakini alilifikiria bonde zima, majani yote, yake peke yake. Mate yakamtoka.

"Nitapiga mimi," akasema.

Jua likawa utosini. Mchanga ulichoma nyayo. Kiboko akatoka majini, akapiga teke, buu! Mpira ukaruka, ukaanguka, ukabingirika kando ya mstari, kwa ndani. Wadogo hawakuukimbilia.

"Unakufa! Unakufa!" akacheka Kiboko.

Kabla haujatulia, Nguchiro akalala chini. Mwili wote nje ya mstari. Mkono mmoja tu akaunyoosha ndani, akaugusa mpira kwa kidole, tii.

"Refa!" akaita. "Mimi niko nje. Mpira ukiguswa na aliye nje, mpira uko wapi?"

"Nje," akasema Kongoti.

"Na teke likitoka nje, kosa ni la nani?"

"La mpigaji."

"Aliyepiga ni nani?"

Uwanja mzima ukamgeukia Kiboko. Kiboko akapanua kinywa.

"Mpira uko ndani!" akanguruma. "Kila mtu anauona!"

"Hata wa Pimbi tuliuona," akasema Nguchiro.

Kongoti akamtazama Kiboko, shingo, mgongo, mapaja. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, kata-kata-kata! "Kosa la mpigaji!"

Nguchiro akauchukua mpira, akautupa bwawani, chubwi! "Nimeuweka ninapotaka, mzee."

Kiboko akapandwa na hasira. Sheria hakuzikumbuka, maji hakuyakumbuka. Akamtimua Nguchiro, gidi-gidi-gidi! Nguchiro akaelekea nyikani, akajitosa kwenye shimo la kichuguu, akatokea upande wa pili.

"Niko huku, mzee!"

Gidi-gidi-gidi! Akaingia kichuguu kingine, akatokea mbele zaidi.

"Niko huku!"

Gidi... gidi... Mbio zikapungua. Kiboko akageuka nyuma. Bwawa halikuonekana tena. Ngozi ilikuwa inampasuka mgongoni, imekuwa nyekundu. Akapiga hatua chache, akapiga magoti.

"Nguchiro," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Maji. Hata ya kulowesha ulimi."

Nguchiro alisimama mbali kidogo. Alimwona amepiga magoti. Akageuka, akarudi.

Njiani alipishana na Kongoti. Alikuwa anakuja kwa miguu, taratibu, hana haraka.

Siku ile wadogo walikunywa. Sungura alikunywa, Kanga alikunywa, watoto wa Pimbi walikunywa mpaka matumbo yakawauma. Hakuna aliyeimba. Upepo ulipovuma kutoka nyikani walisikia kwa mbali, kata-kata-kata, wakainamisha vichwa, wakaendelea kunywa.

Sasa niambieni, mmejifunza nini?
— Tuambie wewe!
Mmejifunza kwamba refa mwema hapendelei upande. Alimla mdogo, akamla na mkubwa, wala hakuna aliyeweza kumlaumu. Basi mkicheza, mwaminini refa.

Maneno yangu yameisha. Anayetaka mengine na atunge yake.
— Tumesikia!