Jina la Mtoto wa Nakiete

Zimeni simu kwanza. Sikusema mzilaze kifudifudi, nimesema zimeni. Hadithi hii haitaki kusikilizwa na kitu kisicho na masikio. Tayari? Basi na ije, na utamu wake ije nao, na uchungu wake pia.

Milimani Ngulunde waliishi watu watatu waliojaliwa. Mzee Elieneza, mfuga nyuki, alijaliwa masikio. Akiegemeza kichwa kwenye mzinga anakwambia kama nyuki wana njaa, wana hasira au wanajiandaa kuhama. Uzee ulikuwa umemchukua miguu, ukamwachia kitanda, na redio pembeni ya mto.

Mbonea alijaliwa hiyo miguu. Ndiye aliyewaongoza wabeba machela, na wagonjwa walisema kubebwa na Mbonea ni kama kulala kwako.

Nanzia alijaliwa sauti. Kwa miaka mingi ndiye aliyesoma salamu, misiba na mbuzi waliopotea katika redio ya pale mjini. Mtu akifikwa na shida alipiga simu redioni. Nanzia alikata wimbo katikati, akasema, "Majirani wa fulani, inukeni," na majirani waliinuka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Ngulunde, na haikuandikwa popote.

Sasa msikieni mwenye redio, Bwana Kibacha. Alikwenda mji mkubwa kwenye semina, akarudi na miwani mipya na neno "kisasa" mdomoni. Alimkalisha Nanzia chumbani, akamsomesha sentensi wiki nzima. "Ni kwa ajili ya kumbukumbu, dada yangu," alisema. Nanzia akasoma kwa moyo wote. Wiki iliyofuata akaambiwa apumzike nyumbani. Mashine, ambayo Kibacha aliibatiza Sifa, ilikuwa imeshakunywa sauti yake yote, nayo haili wala haiugui.

Basi Nanzia yuko shambani anapalilia mahindi, na sauti yake iko redioni inacheka. Inacheka kicheko ambacho yeye hajawahi kukicheka! Watu wakipita njiani wanamsalimu, "Tumekusikia leo, Dada Nanzia, umechangamka." Alikuwa akiitikia. Baadaye akaacha. Aliichukia ile mashine, na kidogo kidogo akaanza kuichukia sauti yake mwenyewe, hata kanisani akawa haimbi.

Siku moja, jua likiwa utosini, Nakiete alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Alikuwa peke yake, mumewe yuko mbali kikazi. Akafanya walivyofanya watu wote wa milimani: akapiga simu redioni. Sifa ikapokea.

"Karibu kwenye salamu! Taja jina lako na wimbo unaoupenda."

"Nakiete... jamani... nakufa mie..."

"Asante sana, Nakiete! Hizo ni salamu nzuri. Tuburudike."

Na ngoma zikapigwa. Maneno hayo yalirushwa hewani, Ngulunde nzima ikayasikia. Dukani yalisikika, saluni yalisikika, kwa Bwana Kibacha mwenyewe yalisikika akiwa anakula wali. Hakuna aliyenyanyuka. Watu walikuwa wameshazoea redio inayobwabwaja bila kumwambia mtu neno, na sikio nalo huchoka.

Mzee Elieneza peke yake ndiye aliyejiinua, akaketi kitandani. Nanzia alikuwa ndiyo kwanza anaingia na bakuli la makande, maana walikuwa majirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka hilo bakuli chini. Kuna mwanamke anajifungua na anakufa. Anaitwa Nakiete."

"Kina Nakiete wako wengi, baba."

"Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa maporomoko ya maji. Nimetundika mizinga kule ujana wangu wote. Ni Nakiete wa Mangeni, mwanangu. Nenda ukapige yowe."

Nanzia akapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, akapiga yowe. Mnajua yowe la milimani: likipigwa, hata aliye na tonge mkononi huliacha. Lakini ng'ambo ya bonde mtu akajibu kwa hasira, "Punguzeni hiyo redio!"

Moyo wa Nanzia ukapasuka. Aliita tena, "Majirani wa Nakiete wa Mangeni, inukeni!" Wakacheka. Sauti ile walikuwa wameisikia asubuhi ikisifu sabuni kwa bidii hiyo hiyo.

Ndipo hasira ilipompanda Nanzia, akafanya jambo ambalo hakuwahi kuisomea mashine. Akatukana.

"Wewe Kiondo, unayeuza maji yenye maziwa! Mkeo alipojifungulia njiani kwenye mvua, nani aliyeshika kitenge? Si Nakiete? Na wewe Mama Senzota, mwenye ulimi mrefu kuliko ibada, uji wa uzazi uliletewa na nani? Kaeni! Kaeni mtikise vichwa, kesho mtamchimbia kaburi!"

Kiondo akaruka kutoka kwenye kigoda. "Huyo ni Nanzia mwenyewe! Mashine haiyajui maziwa yangu!"

Wakainuka, bonde zima.

Gari la wagonjwa nalo liliitwa. Dereva akafuata ramani ya simuni, ikampeleka hadi kwenye daraja lililosombwa na mvua za mwaka uliopita. Wanasema simu iliendelea kumwambia, "Nyoosha mbele." Lakini Mbonea hakuuliza simu. Alipita kwenye migomba, akakata korongo, akavuka mto maji yakimfika kifuani, yeye na wenzake wameinua machela juu ya vichwa. Alimfikisha Nakiete kituoni akiwa bado na pumzi. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo tu, wangefika na maiti wawili.

Mtoto akazaliwa, wa kike, na kilio chake hakikuhitaji redio.

Sasa ukoo wa Nakiete una desturi. Mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa, na wajina wake ndiye humtoa nje kumwonyesha jua, humsimamia hadi siku anayoolewa, na siku wajina huyo akifa, mtoto humlilia kama mzazi. Jina ni moja tu. Halikatwi vipande, na majina ya milimani hayabagui mwana wa kike na wa kiume.

Wakakusanyika uani. Mzee Elieneza alibebwa pamoja na kitanda chake. "Kama nisingesikia," alisema, "mngeinuka kwenda wapi? Nami sina mtoto, nitakufa bila wa kunililia."

Mbonea akasema, "Kusikia na kuita ni vizuri. Lakini maneno hayavuki mto. Mimi nilivuka."

Nanzia alikuwa amejiapia kunyamaza. Hakuweza. "Sauti yangu imechukuliwa nikiwa hai," alisema. "Siku ile niliipata tena. Acheni jina langu libaki kwa mtu, maana sauti imebaki kwa mashine." Akalia mbele ya watu, wala hakuona haya. Alilitaka lile jina kuliko alivyopata kutaka kitu.

Kabla Nakiete hajafungua kinywa, Bwana Kibacha akaingia na mpiga picha. Hakusema hodi.

"Tuwe wakweli," alisema. "Bila Sifa kurusha ile simu, mzee angesikia nini? Mtoto aitwe Sifa."

Watu wakaguna. Nanzia alimwangalia kwa chuki, na kilichomuuma zaidi ni kwamba neno lile lilikuwa na chembe ya ukweli.

Mzee Elieneza ndiye aliyejibu. "Mwizi akiangusha mzigo wako karibu na mlango wako, utamshukuru kwa kukuletea?"

Kibacha akafungua mdomo. Hapo hapo, redio iliyokuwa dirishani ikasema, kwa sauti ya Nanzia, ikicheka kile kicheko: "Hongera sana, Nakiete wa Mangeni! Tumempata mwenzetu mpya, mtoto Sifa!"

Na huko barabarani, watu wasiojua lolote wakaanza kuitikia, "Hongera, Mama Sifa! Hongera!"

Nakiete alisimama mlangoni na mtoto kifuani. Akamtazama mzee kitandani, akamtazama Mbonea, akamtazama Nanzia anayefuta macho kwa pembe ya khanga. Kisha akaitazama redio. Jua lilikuwa linapanda, na mtoto lazima atolewe nje na mtu.

Haya, nyie mlioketi hapa. Mama anawasubiri. Mngemkabidhi nani mtoto huyu, na angeitwaje? Semeni kwa vinywa vyenu. Na nikimwona mtu anawasha simu ili aiulize, jina la huyo nalijua, na la babake, na nitapanda kilimani.