Birika la Kisiwa cha Tasi

"Birika halijai kwa nafasi yako." Ndivyo alivyowaambia Bi Saada mchana huu, alipowapita barazani mkipanga safari ya kwenda kuogelea Kisiwa cha Tasi. Mmoja wenu anataka Jumamosi kwa kuwa hana kazi, mwingine Jumapili kwa kuwa gari la mjomba wake halina shughuli, na mabishano yenu yalifika mpaka msikitini. Bi Saada akatupa neno lake akaenda zake. Nanyi mkatazamana, kisha mkaja kuniuliza birika gani hilo, la chai ama la kutawadhia. Haya, kaeni, na hizo simu ziwekeni chini kidogo, hazitakimbia. Chimbuko la methali hii ni hili.

Kisiwa cha Tasi mnakijua, ni kile kijisiwa kinachoonekana ukisimama kwenye pwani yetu ya Nungani. Katikati yake pana shimo kubwa la jiwe la matumbawe, lina kuta pande zote, na wakubwa waliliita Birika. Maji ya bahari huingia humo kwa mwanya mmoja tu, nao uko juu, kwa hiyo hayaingii ovyo. Yakishaingia hutulia, ukajiona mpaka kucha za miguu. Leo watu wanatoka mjini na nchi za mbali kuja kuoga humo na kupigana picha. Zamani lilikuwa la wanawake. Kuta zile ziliwasitiri, hakuna mwanamume aliyekanyaga huko alasiri, na kila msichana wa Nungani alijifunza kuogelea ndani ya Birika, akishikwa na mama yake.

Kisha ukaja mwani. Siwezi kuusema vibaya, maana nyumba nyingi mnazoziona hapa zimeezekwa bati kwa mwani. Lakini mwani una masharti yake. Shamba lake liko mbali majini, na hufikiwa siku za bamvua tu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari inapotoka sana asubuhi na kujaa sana alasiri. Siku hizo wanawake huamkia majini, wakafunga mbegu kwenye kamba, wakavuna, kisha wakashinda wakibeba na kuanika mpaka jua linatua. Siku za maji mafu bahari haitoki sana wala haijai sana, nao ndipo wanapopumzika. Hapo ndipo husukana nywele, huozesha watoto, na hulala mchana bila kusemwa.

Hidaya binti Vuai alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuchomeka vigingi vya mwani hapa Nungani. Mwaka huohuo alimzaa bintiye, Zuwena. Mtoto alipopata akili ya kuuliza, swali lake lilikuwa moja: "Mama, utanipeleka lini Birika?" Na jibu la Hidaya lilikuwa moja: "Nikipata nafasi, mwanangu." Hakuwa akimdanganya. Alikusudia kwa moyo wake wote. Ila kila mwezi ulikuja na mabamvua yake, na kila bamvua lilikuja na kamba zake, na mtoto akakua, akavunja ungo, akaposwa, jibu likiwa lilelile.

Mume aliyemwoa Zuwena alikuwa fundi wa reli, kazi yake Tabora. Nikaha ilifungwa, na bwana harusi akatangulia kutafuta nyumba, akaahidi kurudi mwezi utakapokuwa mpevu amchukue mkewe. Hapo ndipo ile ahadi ilipomnyima Hidaya usingizi. Tabora hakuna bahari. Mtoto wake, mzaliwa wa pwani, mjukuu wa Bi Mize aliyefunza nusu ya wanawake wa Nungani kupiga mbizi, angekwenda kuishi bara bila kujua hata kuelea.

"Nitamtoaje hivi?" alimwambia shoga yake Bikombo, aliyekuwa jirani yake nyumbani na jirani yake shambani. "Niliahidi, Bikombo. Si jana wala juzi. Nimeahidi tangu hajaota meno."

"Sasa unalia nini?" Bikombo alisema. "Tufanye mandari. Twende sote, tumwogeshe bibi harusi wetu, tule, tucheze, turudi. Wiki ijayo tuna nafasi."

Basi mandari ikapangwa, na mtu asiwaambie kuwa wanawake wa Nungani hawajui kupanga. Nguo ziliuzwa dukani zikaisha, maana walitaka sare, wote kanga moja. Palikuwa na mtu wa pilau, mtu wa kachumbari, mtu wa kupiga ngoma ya kidumbaki, na mtu wa kuhakikisha mtu wa kidumbaki hachelewi. Mchenga, shemeji yake Hidaya, aliombwa ngalawa yake akakubali mara moja, kwa kuwa wiki hiyo haikuwa na mzigo wa mwani wa kubeba. Ndoo mpya ilinunuliwa ya kuchotea maji ya kujisuuza. Walibishana siku nzima juu ya ndimu.

Kila mmoja wao alikuwa mtu wa bahari. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza kesho maji yatapwa saa ngapi, angekwambia kisha akalala tena. Lakini hakuna aliyeitazama safari ile kwa macho ya bahari. Waliitazama kwa macho ya mapumziko, na mapumziko yao kwa miaka yote ile yalikuwa maji mafu. Mtu pekee ambaye angewazindua ni Bi Mize, mama yake Hidaya, naye alikuwa kijiji cha pili akimuuguza ndugu yake.

Siku ikafika. Waliimba njia nzima, ngalawa imejaa mpaka Mchenga akawa anapiga kasia kwa kujipinda. Walipofika kisiwani Zuwena akawa wa kwanza kushuka, akakimbia na kanga yake mpya kiunoni mpaka ukingoni mwa Birika. Kisha akasimama.

Chini palikuwa na maji ya magotini, ya kijani, yamelala hapo tangu bamvua lililopita. Kaa wawili walikuwa wakitembea polepole kwenye tope.

"Bado yanajaa," Bikombo alisema. "Tungoje."

Wakangoja. Maji yalikuwa yakipanda kweli nje ya mwamba, na wanawake wakasogea kwenye mwanya kuyatazama. Yakapanda, yakapanda, yakalamba jiwe chini ya mwanya. Yakasimama hapo kidogo. Kisha, bila kuingiza hata tone, yakaanza kurudi yalikotoka. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa Birika hujaa kwa bamvua tu. Walisimama hapo, watu wazima na akili zao, wakulima wa bahari, na kila mmoja akaona aibu kumwangalia mwenzake. Aliyeshika kidumbaki akakiweka chini.

Pilau ililiwa, maana pilau haina kosa. Lakini Zuwena alikaa ukingoni, miguu ikining'inia juu ya Birika tupu, na kanga yake ikabaki kavu. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomchoma Hidaya zaidi. Mtoto anayelalamika bado anatarajia kitu.

Jioni walimkuta Bi Mize amerudi, amekaa mlangoni anachambua mchele. Aliwatazama wakishusha sufuria na ndoo, akaitazama kanga ya mjukuu wake.

"Mmetoka wapi na sare zenu?"

"Birika, mama," Hidaya alijibu.

"Birika? Kwa maji mafu haya?" Bi Mize aliweka ungo chini. "Nani kawapangia?"

"Tumepanga sote. Ndiyo nafasi tuliyoipata."

Bi Mize hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka. Alimtazama bintiye kama anayemwona ametoka homa.

"Hidaya mwanangu," alisema, "Birika halijai kwa nafasi yako. Mimi nilipokufunza wewe, unadhani nilikuwa na nafasi? Baba yako alikuwa mgonjwa, nilikuwa na muhogo wa kung'oa, na wadogo zako wanalia. Maji yalijaa, nikakushika mkono tukaenda. Nilikuta muhogo umeliwa na ngedere."

"Hukuniambia hayo hata siku moja."

"Ningekuambia ili iweje? Ulikuwa unaogelea."

Hidaya aliingia ndani akajitupa kitandani, na machozi yakamtoka. Alijua hesabu ilivyo. Bamvua linalokuja ndilo la mwezi mpevu, na mwezi mpevu ndio mkwe wake anakuja. Mwani wake wote ulikuwa umekomaa kwa bamvua hilohilo. Na siku hizo ngalawa zote hubeba mwani maji yanapojaa, kwa hiyo njia ya kwenda kisiwani ni moja, kupita kwa miguu juu ya fungu la mchanga asubuhi wakati maji yametoka. Saa ileile ya kuvuna. Ukienda Birika huendi shamba.

Asubuhi ya bamvua Bikombo alipita kumgongea kama kawaida yake, kamba begani. Akamkuta Hidaya mlangoni amejifunga kanga ya sare, ameshika mkono wa Zuwena, na mkononi mwengine kifurushi cha mikate.

"Shoga, una wazimu?" Bikombo alisema. "Mwani umekomaa ule. Bahari hii ikichafuka utakatika wote, utauokota nao wapi?"

"Utakatika."

"Jasho lako la mwezi mzima na zaidi!"

"Najua, Bikombo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kesho kutwa mtoto anaondoka. Mbegu ya mwani nitaipata tena."

Bikombo akaweka kamba yake sawa begani. Wakaachana njia panda ya pwani, mmoja akashika kushoto na wenzake, wawili wakashika kulia peke yao. Hidaya hakugeuka kutazama shamba lake. Aliogopa miguu ingemsaliti.

Walikaa kisiwani mpaka adhuhuri ikapita. Zuwena aliongea mambo mengi siku hiyo, ambayo mama yake hakuwahi kuyasikia kwa kuwa siku zote mmoja wao alikuwa na haraka. Alisema anaogopa Tabora. Alisema anampenda mumewe ila hamjui. Hidaya alisikiliza, akawa anammenyea chungwa. Kisha alasiri ikaingia, na maji yakafika kwenye mwanya. Safari hii hayakusimama. Yaliingia kwa kishindo, yakafunika tope na kaa wake, yakapanda ukuta kwa ukuta, hata Birika likajaa na kutulia.

Hidaya alishuka kwanza. Ilikuwa miaka mingi, akadhani mwili umesahau, lakini mwili hausahau ulichofunzwa na mama. Akamwita binti yake. Zuwena akashuka akitetemeka, akamkumbatia shingoni kama alipokuwa mdogo.

"Lala chali," Hidaya alimwambia. "Mkono wangu uko mgongoni mwako. Tazama juu. Usiyapige maji, hayajakukosea."

"Mama, usiniachie."

"Sijakuachia."

Akamlaza, akamshika, akawa anatembea naye polepole kuzunguka kuta, akimwimbia wimbo ambao Bi Mize alimwimbia yeye. Mwili wa Zuwena ulikuwa mgumu. Kisha ukalegea kidogo, kisha ukalegea kabisa, na pumzi zake zikatulia. Hidaya akautoa mkono, taratibu, akarudi nyuma.

"Mama, usiniachie," Zuwena alisema tena, macho yake yangali mbinguni.

Hidaya aliinua mikono yake yote miwili juu ya maji.

"Nimeshakuachia zamani, mwanangu," alisema. "Hebu nitazame."

Zuwena akageuza kichwa, akaiona mikono ya mama yake, mitupu, mbali naye. Akashtuka, akanywa maji, akapaliwa, akacheka, akalala chali tena mwenyewe. Hidaya alilia humo ndani ya Birika, na kwa kuwa uso ulikuwa umelowa tangu mwanzo, hakujisumbua kujifuta.

Jioni Mchenga aliwafuata na ngalawa yake alipomaliza kubeba mwani wa watu. Usiku ule upepo ulivuma. Hidaya alipokwenda shambani alikuta kamba nyingi ni tupu, mwani umekatika na kwenda na maji, na msimu ule nyumba yake ilikula dagaa zaidi ya samaki. Hilo nalisema wazi ili msije mkadhani kuwa jambo zuri halina gharama. Zuwena akaenda zake Tabora. Barua yake ya kwanza ilisema kuna bwawa huko, na wake wa mafundi wengine wa reli wanamngoja awafunze.

Bamvua lililofuata Hidaya aliamka mapema kwenda shamba, maana kazi ni kazi. Akamkuta Bikombo nje, hana kamba begani. Alikuwa amemshika mkono bintiye mdogo, Fatuma, mwenye kanga inayoburura chini kwa urefu.

"Twaenda Birika," Bikombo alisema, bila kumtazama usoni.

"Na mwani?"

"Una nafasi wewe?"

"Sina," Hidaya alisema.

"Na mimi sina." Bikombo akavuta mkono wa mtoto. "Ila maji yanajaa leo."

Hidaya alizifunga kamba zake kwenye fundo moja, akaziweka nyuma ya mlango, akawafuata.

Haya basi, simu zenu hizo okoteni. Mmoja ana Jumamosi, mwingine ana Jumapili, na gari la mjomba lipo. Kabla ya yote tokeni nje muutazame mwezi. Na kama yuko mtu mliyemwahidi kumpeleka, mama, mdogo wenu, au nani, msimwambie tena mtampeleka mkipata nafasi. Birika halijai kwa nafasi yako.