Sampuli ya Bi Siwema

Hapo mji ulipokuwa na mashimo mengi kuliko barabara, halmashauri ilitangaza zabuni ya kokoto. Bwana Kihwelo, afisa manunuzi, akaamuru kila mwombaji alete sampuli ya lori zima! Wiki haikuisha, njia ya nyumbani kwake ikawa imetandazwa kokoto mpaka kwenye banda la kuku.

Siku ya kufungua zabuni, meya akiwa kitini, Bi Siwema, mgonga kokoto asiye na kitu ila nyundo, aliingia mikono mitupu.

"Sampuli yako iko wapi, mama?" Kihwelo akamcheka.

"Nimeshaitandaza, baba. Ni ile njia ya nyumbani kwako."

Meya akageuka. "Kihwelo, kokoto zile ni za nani?"

Kihwelo akawatazama waombaji wengine, ambao tangu asubuhi walikuwa wakiulizia sampuli zao.

"Ni... ni zake, mheshimiwa."

"Basi mpe zabuni. Njia ile nimeipita, ni nzuri ajabu."

Nje, Kihwelo akamnong'oneza, "We mama, utaujenga mji kwa kokoto zipi?"

"Zangu," akajibu Siwema. "Si umeshuhudia mwenyewe mbele ya meya? Kesho nakuja na sururu. Kuku wafungie."